Kongamano la Nani? Wasanii wa Maonyesho na Mikutano Inayoitishwa kwa Jina Lao

Anayetaka kuijua hali ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki asianze na tamthilia zinazochapishwa. Aanze na ratiba ya kongamano lolote linalodai kuwakutanisha wasanii wa sanaa hizo. Ratiba hiyo humpa msomi asubuhi na alasiri. Mchezaji ngoma hupewa dakika chache kabla ya chakula cha mchana, kisha usiku, wakati wa karamu. Msomi huja na makala, mchezaji huja na njuga. Makala hujadiliwa, njuga hupigiwa makofi. Siku ya mwisho huandikwa maazimio, na katika maazimio hayo neno 'wasanii' hutajwa mara nyingi kuliko wasanii wenyewe walivyopata kufungua vinywa.

Hoja ya makala haya ni kwamba mikutano ya aina hiyo, kama inavyoendeshwa aghalabu, haivunji mipaka baina ya fani za maonyesho bali huipiga chapa upya. Mwanamuziki huwekwa katika jopo la muziki, mwigizaji katika jopo la tamthilia, mchezaji katika jopo la ngoma. Fundi wa taa, fundi wa sauti na mshona maleba hawawekwi popote, kwani hudhaniwa kuwa ni vibarua wa ukumbi. Kisha mgawanyo huo huvikwa joho la umoja na kupelekwa kwa wafadhili.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba ugawaji huu haukuanzia hapa. Neno ngoma hutaja ala, hutaja uchezaji unaofuata ala hiyo, na hutaja tukio zima: uwanja, waalikwa, chakula, mashindano na kejeli zake. Pwani mtu huenda ngomani hata kama hana nia ya kupiga wala ya kucheza. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ngoma na uganga, alionyesha jinsi neno hilo lilivyoenea katika lugha za Kibantu za Afrika ya Kati na ya Kusini, likibeba pia dhana ya tiba na ya jumuiya ya waliotibiwa. Lugha iliyo na neno la namna hii haihitaji kufundishwa na mtu kwamba fani za maonyesho zina uhusiano.

Hata hivyo, wapo wahakiki wanaolitwika neno hili mzigo usio wake. Hudai kwamba Mwafrika wa jadi hakuujua utaalamu maalumu, kwamba kila mtu aliimba, akacheza na akapiga, na kwamba ni ukoloni pekee uliowatenganisha. Hayo ni mahaba, si uhakiki. Mpiga zumari hakuwa mtu yeyote tu aliyeokota zumari njiani. Alifunzwa, alitunzwa na alionewa wivu. Manju alikuwa na cheo chake na maadui zake. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoundwa Unguja mwaka 1905, kilikuwa na wapigaji wa ala mbalimbali na waimbaji, na kila mmoja alijua mahali pake pa kukaa. Utaalamu ulikuwapo. Kilichokosekana ni ukuta. Mpigaji aliwajibika kwa mchezaji usiku uleule, mbele ya macho ya watu walewale, na akiukosea mdundo mchezaji hakungoja ripoti ya warsha.

Ushahidi ulio bora zaidi kwa jambo hili ni vyama vya beni, ambavyo Terence Ranger alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vyama hivyo vilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vikaenea bara na Tanganyika, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikavisukuma mbali zaidi. Wengi huzikumbuka sare, tarumbeta, vyeo vya kijeshi na ushindani wa Marini na Arinoti, na wasomi wa kizazi fulani waliwacheka wachezaji wake wakiwaita waigaji wa Mzungu. Ranger aliona zaidi ya sare. Chama cha beni kilikuwa na uongozi, kilikuwa na michango, na kilikuwa na wajibu wa kumzika mwanachama na kumpokea mgeni aliyeingia mji asiokuwa na ndugu. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, kama Margaret Strobel alivyoeleza mwaka 1979, navyo vilikuwa zaidi ya burudani: humo wanawake walipanda vyeo, wakapata jukwaa la kusema hadharani na wakajifunza uongozi. Katika vyama kama hivi mpigaji, mtunzi, mshona nguo na mshika fedha walikuwa na mambo ya kujadili pamoja, maana walikula na kuzikana pamoja. Huo ndio mkutano wa kitaalamu wa fani mbalimbali, nao ulikuwapo kabla neno 'taaluma' halijapata maana yake ya sasa.

Ukuta ulijengwa polepole, na mara nyingi ulijengwa kwa nia njema. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, Tamasha la Drama la shule na vyuo likaanza mwaka 1959. Katika la kwanza wanafunzi huimba na kucheza ngoma za jadi, na hughani mashairi pia. Katika la pili hucheza ngoma za kubuni, na hughani mashairi pia. Mwalimu wa shule ya mashambani ni yuleyule na vijana ni walewale. Hata ngozi za ngoma ni zilezile. Lakini waamuzi ni wengine, vigezo ni vingine, na kijana hufunzwa kwamba mwili wake hubadilika kuwa sanaa nyingine kadiri ya muhula. Kalenda ya dunia nayo imekatwa vivyo hivyo. Asasi ya Kimataifa ya Tamthilia, iliyoundwa Prague mwaka 1948, iliitengea tamthilia tarehe 27 Machi, na tangu mwaka 1982 densi ikapewa tarehe 29 Aprili. Anayecheza huku akiigiza huku akiimba itambidi achague siku ya kuzaliwa.

Si haki kuzilaumu wizara na mashirika ilhali idara za fasihi zimenyamaza juu ya sehemu yao. Waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliodai kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, uliiweka fasihi simulizi katika kiini cha masomo. Lilikuwa tendo la ushujaa na matunda yake yanaliwa hadi leo. Lakini kilichofuata kilikuwa na kasoro ambayo ni wachache waliokuwa tayari kuitaja. Wanafunzi walitumwa vijijini na vinasa sauti, wakarudi na maneno. Nyimbo zilinakiliwa, zikafasiriwa, zikagawanywa kwa tanzu na kuchambuliwa kwa sitiari. Mguu uliokanyaga ardhi kwenye mstari wa tatu haukunakiliwa. Mpigaji aliyebadilisha mdundo ili mwimbaji apate pumzi hakutajwa, kwa kuwa hakutamka neno. Hivyo ndivyo ngoma ilivyoingia chuo kikuu ikiwa imeacha ngoma mlangoni, na hivyo ndivyo mhakiki wa fasihi alivyokuja kujiona kuwa msemaji wa tukio ambalo aliliona nusu yake tu. Anapoitisha kongamano, huitisha watu wa kuithibitisha nusu hiyo.

Kuna pingamizi mbili ambazo hujitokeza kila hoja ya namna hii inapotolewa, nazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni ya wataalamu wa fani. Husema kwamba mkutano wa watu wa fani nyingi hauna kina: mpiga kayamba na fundi wa taa watajadili nini zaidi ya salamu? Heri wanamuziki wakutane na wanamuziki, kila mtu aimarishe ufundi wake. Pingamizi hili lina nguvu pale tu ambapo mkutano hauna kazi ya kufanya. Anayejua jinsi onyesho linavyoharibika anajua pia kwamba mara nyingi huharibika kwenye maungio. Ngoma ya ngozi hulegea hewa inapokuwa na unyevu, na mpigaji huhitaji moto au jua ili aikaze. Kumbi za kisasa hukataza moto, na ratiba haimpi muda wa jua. Matokeo yake ni kwamba ngoma hupigwa ikiwa imelala, mchezaji huikosa ishara, na mhakiki aliyeketi safu ya nne huandika kwamba kikundi hakikuwa na mazoezi. Fundi wa sauti aliyefunzwa kwa bendi humwekea mwimbaji kiongozi kipaza sauti kimoja, akawaacha waitikiaji nje. Wimbo wa kuitikiana hugeuka wimbo wa mtu mmoja na minong'ono nyuma yake. Sakafu ya saruji humrudishia mchezaji wa miguu mitupu kila pigo lake mpaka magotini. Hakuna jopo la muziki litakaloitatua shida ya ngozi na moto, wala jopo la ngoma litakalotatua shida ya kipaza sauti. Mambo haya hutatuliwa na watu watatu au wanne wa kazi tofauti wakiwa wamesimama juu ya sakafu ileile, kila mmoja akiwa na haki ya kumwambia mwenziwe kwamba amekosea.

Ukumbi wenyewe ni hoja. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, nalo lilijengwa kwa jukwaa la fremu linaloitazama hadhira kutoka upande mmoja. Ngoma huzunguka. Mchezo wa duara ukiingizwa katika fremu, nusu ya wachezaji huipa hadhira migongo, ama duara hunyooshwa kuwa mstari ili wageni waone. Uamuzi wa kulinyoosha duara ni uamuzi mkubwa wa kisanaa kuliko mwingi unaojadiliwa katika makala za wasomi, lakini aghalabu huamuliwa na msimamizi wa jukwaa dakika kumi kabla ya pazia.

Lagos nayo ilitoa funzo. Tamasha la pili la dunia la sanaa na utamaduni wa watu weusi, FESTAC, lilifanyika huko kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari 1977. Kenya ilipeleka Mzalendo Kimathi na Betrayal in the City. Jumba la michezo lililojengwa kwa ajili ya shughuli hiyo lilifuata mfano wa jumba la utamaduni na michezo la Varna, Bulgaria. Ufahari wa watu weusi ukakaribishwa chini ya paa la mchoro wa Bahari Nyeusi. Jambo zito zaidi ni kwamba kongamano la wasomi, lililokuwa na mada ya ustaarabu wa watu weusi na elimu, lilikuwa na programu yake, na maonyesho yakawa na yake. Waliokuwa na jambo la kusema juu ya elimu ya mwili na sauti, kwa kuwa waliibeba elimu hiyo viunoni na kooni, walikuwa katika orodha ya burudani. Mfano huo umeigwa mara nyingi tangu hapo, kwa fedha kidogo zaidi.

Mwaka huohuo, kilomita chache kutoka Nairobi, ulikuwapo mkutano wa namna nyingine ambao haukujiita mkutano. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima, wafanyakazi wa viwandani na wasomi walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuitayarisha Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Kwa kawaida Kamĩrĩĩthũ husimuliwa kama kisa cha lugha na cha ukandamizaji, na ndivyo ilivyo. Lakini kuna upande unaosahaulika. Wazee waliwasahihisha waandishi juu ya maneno na juu ya desturi. Wanaojua nyimbo na ngoma waliwaonyesha wengine namna zinavyochezwa. Seremala na mwigizaji aliweza kuwa mtu mmoja. Ufundi wa fani mbalimbali ulikutana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukamilisha, na cheo cha mtu kilipimwa kwa alichokijua juu ya kitu hicho. Dola halikukosea lilipohofu. Watu waliojifunza kusahihishana jukwaani wangeweza kuyapeleka mazoea hayo kwingineko. Mwaka 1982 jukwaa hilo lilibomolewa.

Murewa, Zimbabwe, mwaka 1983, ilijaribu kuifanya njia hiyo kuwa ya bara zima. Warsha ya tamthilia ya maendeleo iliwaleta kijijini wasanii na wafanyakazi wa maendeleo kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikuwa tayari akiishi uhamishoni katika nchi hiyo. Heshima ya warsha hiyo ni kwamba ilitoka hotelini. Udhaifu wake, ambao watetezi wa tamthilia ya maendeleo hawajaujibu sawasawa, ni kwamba wageni walikuja na fani yao mkononi. Walikuja na drama. Wanakijiji walikuwa na nyimbo na ngoma zilizokomazwa katika mikesha ya vita vya ukombozi, iliyoitwa pungwe, miaka michache tu nyuma. Katika hali kama hiyo mgeni ndiye anayepaswa kuwa mwanafunzi, na warsha ndiyo inayopaswa kubadilisha jina. Tangu hapo mbinu hiyo imepita mikononi mwa mashirika mengi ambayo hukodi ngoma ili kuita watu wakusanyike, kisha huizima ili ujumbe juu ya vyoo au chandarua uigizwe. Ngoma imefanywa kengele.

Pingamizi la pili ni la wanaochoshwa na mikutano yote. Hawa husema kwamba msanii hahitaji kongamano, anahitaji soko. Watazame Abidjan, ambako tangu mwaka 1993 soko la sanaa za maonyesho za Afrika, MASA, limewaleta watayarishaji kutoka nje waje waone na wanunue. Hoja hii ina ukweli wa njaa ndani yake, na msomi mwenye mshahara hana haki ya kuibeza. Soko, hata hivyo, lina mnunuzi, na mnunuzi hununua kinachoingia katika ndege na katika ukumbi wake: kikundi cha watu sita badala ya thelathini, dakika sitini badala ya usiku kucha. Soko likiachwa peke yake ndilo huamua duara linyooshwe. Tena soko hufungwa. Machi 2020, Kenya ilipopiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kumbi na sherehe zilikoma kwa siku moja. Wanamuziki walikuwa na vyama vya hakimiliki, hata kama migogoro ya vyama hivyo inajulikana na kila mtu. Wachezaji wa ngoma waliokuwa wakilipwa kwa jioni, wapigaji wa kukodiwa na washona maleba hawakuwa na chama cha kuwasemea wala mfuko wa kuwazika. Chama cha beni cha mwaka 1920 kingeona aibu.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kimeonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Chuo hicho kilirithi kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma, drama na sarakasi, na mwanafunzi wake hulazimika kugusa fani kadhaa kabla ya kubobea katika moja. Tamasha lake la kila mwaka lina kasoro zake, na wengi huliendea kwa ajili ya ufuo wa bahari. Lakini huko mpiga ngoma anayezungumza juu ya jukwaa hamshangazi mtu. Vyuo vikuu vya Kenya, ambavyo huuweka muziki katika idara moja, tamthilia katika nyingine na fasihi simulizi katika ya tatu, vina sababu za bajeti za kufanya hivyo. Sababu za kitaaluma bado hazijatolewa.

Lugha ya mikutano nayo ni sehemu ya ukuta. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini mwaliko wa kongamano, fomu ya usajili, makala na maazimio huandikwa kwa Kiingereza, na manju hutafutiwa mkalimani katika nchi yake mwenyewe. Mkalimani huyo kwa kawaida ni mwanafunzi wa uzamili asiyejua majina ya mapigo. Manju husema mambo matatu yaliyo tofauti, na yote matatu hufasiriwa kuwa 'mdundo'.

Gharama ya haya yote inaonekana wazi katika kisa cha isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Jina lake linatokana na ngoma zenyewe, tatu kwa seti, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi huimba kwa kufuatana na mapigo na hatua za wachezaji. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za kufifia kwake ni uzee wa wajuzi, na pia uhaba wa fedha na wa vifaa vya kutengenezea ala na maleba. Jopo la ngoma litajadili hatua na jopo la muziki litajadili mapigo. Mti wa kuchonga ngoma na ngozi ya kuiwamba hazimo katika jopo lolote, na mchonga ngoma hakupata mwaliko.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayotaka ridhaa ya jamii itangulie kabla ya semi zake kutumiwa na mtu mwingine. Makongamano yameendelea kurekodi. Kamera huwashwa wakati wa karamu, kanda huwekwa katika maktaba ya waandalizi, na ikiwa ipo fomu ya kutia sahihi, huletwa kwa Kiingereza baada ya onyesho, wakati basi la kikundi linangoja na posho haijatolewa. Kiongozi hutia sahihi. Kongamano lijalo, lolote litakalokuwa na ujasiri wa kujiita la wasanii, lingeweza kuanza asubuhi ya siku ya kwanza kwa kuiweka fomu hiyo mezani, kwa Kiswahili, mbele ya mpigaji, mchezaji, mchonga ngoma, fundi wa sauti na msomi atakayeinukuu kanda hiyo katika tasnifu yake, na kutopiga ngoma hata moja mpaka wakubaliane nani ataandikwa jina, nani atalipwa, na kanda itakaa wapi.